Sura ya 5: Usihifadhi Kwanza

Katoni zilikuwa zimefika salama, idadi ilikuwa sawa, na mwenye duka alikuwa anangoja bei. Kilichogoma ni orodha.

Tulikuwa Butembo, katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya pikipiki, asubuhi ya ukungu kama zilivyo asubuhi nyingi za mji ule wa milimani. Kompyuta ya dukani ilikuwa kuukuu, imeshindwa kubeba Windows mpya, kwa hiyo iliendeshwa kwa Linux, na hesabu zote za stoku zilifanywa kwenye terminali, ndani ya kihariri kiitwacho Vim. Karani alikuwa amefungua faili lililotumwa na muuzaji wa Guangzhou. Namba za bidhaa zilisomeka. Bei zilisomeka. Lakini penye maelezo ya vioo vya pembeni, mstari mmoja uliandikwa ×ó na wa pili ÓÒ.

"Yaya, tazama, fakture imeharibika," karani akaniambia. "Tuwaombe watume ingine?"

"Umeihifadhi?"

"Bado."

"Basi haijaharibika."

Sura hii yote ni maelezo ya jibu hilo. Herufi zinapogeuka vidude kwenye kioo, mara nyingi hakuna kilichoharibika ndani ya faili. Aliyekosea ni msomaji. Uharibifu wa kweli huanza pale msomaji aliyekosea anapoamua kuandika alichodhani amekisoma.

Tuanze na mzigo wenyewe. Ndani ya faili hamna herufi. Mna baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255. Pale karani alipoona ×ó palikuwa na baiti mbili: D7 na F3, tukiziandika kwa mtindo wa mafundi. Kompyuta ya Guangzhou, inayofuata jedwali la Kichina liitwalo GBK, huzichukua baiti hizo mbili kwa pamoja na kupata herufi moja: 左, maana yake kushoto. Kompyuta yetu, ikidhani faili limeandikwa kwa jedwali la Ulaya Magharibi, ilizichukua moja moja: D7 ikawa alama ya kuzidisha, F3 ikawa o yenye kialama juu. ÓÒ nayo ilikuwa 右, kulia. Mzigo ni ule ule.

Watu wa Butembo wanaielewa hali hii kuliko wanavyojua. Wafanyabiashara wadogo wa mji huu huungana kujaza kontena moja huko China au Dubai. Kontena hushuka Mombasa, hupanda kupitia Kampala, huvuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, hufika Beni, kisha humaliza kilomita 54 za mwisho hadi Butembo. Ndani yake mna mali za watu wengi, na kinachosema ipi ni ya nani ni karatasi ya mgawo. Ikipotea karatasi, mali haijapotea, ila kila atakayeanza kugawa atagawa kwa kubahatisha. Jedwali la herufi ndiyo karatasi ya mgawo, na faili la kawaida la maandishi husafiri bila hiyo karatasi. Mtumaji huchukulia kwamba mpokeaji anayo.

Kwa nini kuna karatasi nyingi? Kwa sababu kila nchi ilijitengenezea yake. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa jedwali la ASCII, lenye nafasi 128 tu, zilizotosha herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za uandishi. Mwaka 1980 China ilitoa GB 2312 yenye herufi za Kichina 6,763, na GBK ikaja kulipanua. Mwaka 1987 Ulaya Magharibi ikapata jedwali la ISO 8859-1, ambalo mafundi hulifupisha Latin-1, lenye é, ç na ndugu zao. Kila jedwali lilikuwa na haki kwao. Vurugu zilianza faili lilipovuka mpaka.

Kiswahili kwa herufi za Kilatini kilipona kwa bahati: chote kinaingia ndani ya nafasi 128 za ASCII. Hakuna kialama juu wala chini, na hata ng' inajitosheleza kwa mkato wa kawaida. Ndiyo maana mtu anayeandika Kiswahili kitupu anaweza kutumia terminali miaka mingi bila kukutana na balaa hili, mpaka siku programu ya ofisi itakapomrembea ule mkato wa ng’ombe kuwa wa kupinda, akafungua faili kwingine akakuta ngâ€™ombe. Mtu wa Butembo au Beni hana bahati hiyo. Nyumbani ni Kinande, sokoni ni Kiswahili, ofisini ni Kifaransa, na juu ya katoni ni Kichina.

Dawa ya ulimwengu ilianza kuchapishwa mwaka 1991, nayo ni Unicode: jedwali moja linalokusudia kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake isiyogombaniwa. Mwaka uliofuata, Septemba 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni namna ya kuzigeuza namba hizo kuwa baiti. Thompson aliichora kwenye kikaratasi cha mezani katika mkahawa wa New Jersey. Namna hiyo inaitwa UTF-8. Ujanja wake ni huu: zile herufi 128 za ASCII hubaki baiti moja kama zamani, na nyingine zote huchukua baiti mbili hadi nne. Kwa hiyo faili la Kiswahili la zamani ni UTF-8 tayari, bila kuguswa.

Lakini bado kompyuta nyingi huko China hutoa orodha zao kwa GBK, na faili hulazimika kupita vituo vinne kabla ya kufika machoni: faili lenyewe, kihariri, terminali, na fonti. Kila kituo lazima kikubaliane na kinachofuata. Kazi ya fundi ni kujua kituo gani kimekataa, na bahati nzuri kila kituo kina lalamiko lake.

Ukiona Ã© mahali pa é, au reÃ§u mahali pa reçu, au NÂ° mahali pa N°, baiti ni za UTF-8 lakini zimesomwa kwa jedwali la Ulaya. Alama ya kuzitambua ni ile Ã au Â inayojirudia kila penye kialama. Ukiona ndani ya Vim kitu kama <e9>, ni kinyume chake: faili ni la Latin-1, kihariri kikalichukulia kuwa UTF-8, kikakuta baiti isiyo na maana kwa UTF-8, kikaionyesha uchi. Ukiona mchanganyiko wa herufi za Kizungu zenye vialama mfululizo bila mantiki, kama ×ó na ÓÒ, shuku jedwali la Asia. Ukiona visanduku vitupu vinavyofanana, furahi: kompyuta imeitambua herufi, ila haina umbo lake la kuchora. Na ukiona alama za kuuliza, tulia na omba iwe ni terminali tu inayolalamika, kwa sababu kama alama hizo zimo ndani ya faili, tumechelewa.

Hapo sasa twende kituo kwa kituo.

Cha kwanza ni faili. Toka ndani ya kihariri, andika kwenye terminali:

file -i orodha.csv

Programu hiyo itakutajia jedwali inalolidhania. Ikisema utf-8, iamini, maana mpangilio wa UTF-8 hautokei kwa bahati kwenye maandishi marefu. Ikisema iso-8859-1, usiiamini sana. Faili la GBK huweza kutajwa hivyo hivyo, kwa kuwa baiti zake nyingi zinaingia ndani ya jedwali la Ulaya bila kupiga kelele. Hapo unahitaji akili ya mtu: faili limetoka wapi? Karani wetu alikuwa na jibu ambalo hakuna programu iliyokuwa nalo. Faili lilitoka Guangzhou.

Cha pili ni kihariri. Vim ina historia inayowahusu watu wa upande huu kuliko wanavyodhani. Aliyeitengeneza, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, katika kituo cha watoto, na aliporudi aliambatanisha programu yake, ambayo ni ya bure, na ombi moja: anayeipenda awachangie watoto wa Uganda. Alifariki Agosti 2023, lakini ombi lile limebaki. Fungua Vim bila faili, hata katika chumba cha nyuma cha duka la Butembo, na mara nyingi utaiona Uganda imetajwa kwenye kioo, nchi ile ile ambayo kontena lako limeipita.

Ndani ya Vim kuna mipangilio miwili ambayo majina yake yanafanana na kazi zake hazifanani. encoding ni jedwali ambalo Vim hulitumia kichwani mwake. fileencoding ni jedwali ambalo faili lililo mbele yako limesomwa nalo na litaandikwa nalo. Uliza kwanza:

:set encoding? fileencoding?

Mpangilio wa kwanza unapaswa kuwa utf-8. Ukiwa hivyo, usiuguse tena; kuubadilisha katikati ya kazi kunaweza kuvuruga maandishi yaliyokwisha kufunguliwa. Unachotaka ni kuiambia Vim ilisome faili upya, safari hii kwa jedwali la Kichina, ambalo yenyewe inalijua kwa jina la cp936:

:e ++enc=cp936

Kwa faili la zamani la Kifaransa ungeandika latin1 mahali pa cp936. Amri hii haibadilishi kitu ndani ya faili. Ni sawa na kumwambia mgawaji wa kontena: rudisha kila kitu, chukua karatasi hii, uanze upya.

Ikiwa encoding yenyewe si utf-8, kosa liko kituo cha tatu, terminali. Vim huuliza mazingira yake yanazungumza jedwali gani, na mazingira yakisema C au yakinyamaza, hurudi kwenye ya kale. Andika locale, utazame mstari wa LANG. Kisha locale -a ikuonyeshe yaliyopo kwenye mashine, uchague linaloishia na utf8 au UTF-8:

export LANG=fr_FR.UTF-8

Halafu funga Vim, uifungue tena. Kama unafanya kazi kwenye seva ya mbali, kumbuka terminali ni ile iliyo mbele ya macho yako: seva yaweza kusema UTF-8 na dirisha lako likasikiliza Latin-1. Katika PuTTY mpangilio huo umekaa kwenye ukurasa wa Translation, na watu hupoteza siku nzima wakirekebisha seva isiyo na kosa.

Kituo cha nne ni fonti. Tulipotoa amri ya cp936 pale dukani, ×ó ilitoweka, na mahali pake pakaja kisanduku kitupu. Karani akavunjika moyo. Mimi nilishangilia. Nikaweka kishale juu ya kisanduku, nikabonyeza g kisha a. Vim ikaandika chini ya kioo: Hex 5de6. Hiyo ndiyo namba ya 左 katika Unicode. Herufi ilikuwa imefika mahali pake; kilichokosekana ni nguo ya kuivalisha. Tulihitaji fonti yenye herufi za Kichina, kama zile za familia ya Noto, na fonti hizo ni nzito. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa megabaiti, ni afadhali azichukue mara moja kwenye flash azigawie mashine zote za ofisi. Jambo moja la kuepusha kazi bure: kama umewasha Linux bila mazingira ya madirisha, kwenye kile kioo cheusi kitupu, usihangaike. Kioo hicho hakibebi zaidi ya maumbo 512 kwa wakati mmoja. Kichina hakitaingia hata kwa maombi.

Kufikia hapa msomaji anaweza kusema: mimi siagizi vioo China, yananihusu nini? Basi tutoke kwenye vioo, twende kwenye majina.

Wanande huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Ita Kambale katikati ya soko la Beni uone watageuka wangapi. Kinachomtenga Kambale huyu na Kambale yule, mara nyingi, ni jina la ubatizo, na jina hilo huwa la Kifaransa: Désiré, Jérémie, Aimé, Espérance. Yaani ile sehemu ya jina inayomtambulisha mtu ndiyo ile ile yenye vialama, na ndiyo itakayogeuka Ã© ya kwanza faili likikosewa.

Mnamo tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola katika eneo la Beni. Ukafika Butembo na Katwa, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kazi ya kuudhibiti ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya orodha: nani alimgusa nani, nani afuatwe kwa siku 21. Aliyewahi kuunganisha orodha mbili anajua kompyuta inavyohesabu: Désiré na DÃ©sirÃ© ni watu wawili. Mmoja atatembelewa, mwingine ataandikwa hakupatikana.

Kuna mtego mwembamba zaidi. Unicode inaruhusu é iandikwe kwa njia mbili: kama herufi moja, au kama e ya kawaida ikifuatwa na kialama kinachopanda juu yake. Kwa macho hazina tofauti. Kwa kitafutio ni maneno mawili. Ukitafuta Désiré kwenye Vim ukaambiwa hayupo huku unamwona, bonyeza ga juu ya é: ikitajwa namba moja, e9, ni herufi kamili, zikitajwa mbili, 65 na 301, ni mbebaji na mbebwa.

Kwa Kinande mtego huo hauepukiki. Lugha hii ina irabu 7, na alfabeti ya Kilatini inazo 5. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamezoea kuongeza alama chini ya i na u ili kupata zile mbili zilizobaki, na juu ya irabu huweka toni. Irabu moja yaweza basi kuwa na namba tatu zilizobebana katika chumba kimoja cha terminali. Terminali nzuri huzipanga. Terminali mbovu humwaga alama pembeni, kishale kikaonekana kipo hapa huku kikifuta pale. Anayeandika msamiati wa Kinande ajaribu maneno matano kwanza kabla hajaandika elfu tano.

Kiarabu kutoka Dubai kina shida nyingine: baiti sahihi, jedwali sahihi, lakini maneno yamegeuzwa na herufi hazishikani, kwa kuwa terminali nyingi hupanga kutoka kushoto tu. Vim ina :set arabic kwa ajili hiyo, na kama terminali yenyewe inajua kupanga kutoka kulia, :set termbidi. Anayenakili Kiswahili cha mababu, kile cha hati za Kiarabu ambacho wasafiri wa pwani walikifikisha hadi Maniema katika karne ya 19, atakutana na hali hii, pamoja na herufi za ziada za p na ch ambazo fonti nyingine hazina.

Na upo mwandiko ambao hakuna amri ya kuusaidia. Mandombe, uliobuniwa na Wabeladio Payi hapa hapa Kongo mwaka 1978 na kufundishwa na waumini wa kanisa la Kimbangu, haukuwa na namba hata katika Unicode 16 ya mwaka 2024. Kichina kinaweza kukosa fonti Butembo. Mandombe unakosa hata kisanduku.

Turudi kwenye swali langu kwa karani. Kwa nini niliuliza kama amehifadhi? Kwa sababu kihariri kilichosoma vibaya kikiandika, huandika makosa kama ukweli. Ã© ikihifadhiwa kuwa UTF-8 mara ya pili huwa ÃƒÂ©, na bado fundi mvumilivu anaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Lakini programu ikikutana na baiti isiyoielewa, nyingine huweka � mahali pake, nyingine huweka alama ya kuuliza. Hapo D7 na F3 zimefutwa. Waandishi wa programu wa China wana utani wao juu ya hili: alama mbili za � zikisomwa kwa GBK hutokea kama 锟斤拷, herufi tatu zisizo na maana pamoja, na Mchina akiziona anajua maandishi ya asili yamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa huu. Nakala ya faili kwanza, isiyoguswa. Kisha faili likasomwa kwa cp936. Kisha fonti. Zilipotokea 左 na 右 kwenye kioo, karani aliinuka, akaenda kwenye katoni mbili zilizokuwa mlangoni. Hajui Kichina, wala hakuhitaji kukijua. Alilinganisha umbo kwa umbo, kidole juu ya maandishi ya katoni na macho kwenye kompyuta, kisha akachukua kalamu nene: kwenye katoni moja akaandika kushoto, kwenye nyingine kulia.

Akarudi kuketi. "Sasa, Yaya?"

"Sasa iambie iandike kwa UTF-8, uipe jina jipya."

:set fileencoding=utf-8
:w orodha-utf8.csv

Na akahifadhi.